Kabianga huchuma mwaka mzima, Mufindi husubiri mvua

Kenya na Tanzania ni majirani wa tangu jadi, lakini mbingu zao si sawa. Mkulima wa chai wa Kericho ana bahati ambayo mwenzake wa ng'ambo hana. Je, anajua inatoka wapi, na ni nani mwingine anayeitegemea?

UKITOKA mjini Kericho kuelekea Kabianga mwezi wowote wa mwaka, iwe Aprili au Septemba, kuna jambo moja utakaloliona bila kukosa: watu wako shambani wanachuma chai. Vikapu vi mgongoni, aproni za plastiki zimefungwa kiunoni, na vidole vinakimbia juu ya majani mawili na chipukizi. Majani hayo hupelekwa katika kituo cha kununulia, hupimwa, na lori la kiwanda huja kuyachukua. Mwisho wa mwezi mkulima hupata malipo yake, na ifikapo Oktoba husubiri bonasi. Kutokana na fedha hizo watoto hulipiwa karo, paa hubadilishwa mabati, na mgonjwa hupelekwa hospitali.

Kwa mwenyeji wa Kabianga hilo ni jambo la kawaida. Yeye amezaliwa akaikuta chai ikichumwa mwaka mzima, na huenda akadhani kwamba ndivyo ilivyo kila mahali chai inapomea. Sivyo. Vuka mpaka uingie nchi jirani ya Tanzania, uende hadi Mufindi katika mkoa wa Iringa, na utakuta milima mizuri kama hii, mchai ule ule, na hata baridi ya asubuhi inayofanana na ya Kericho. Lakini huko mkulima hana mwaka mzima. Ana msimu.

Kwa nini mmea mmoja uwe na riziki mbili tofauti katika nchi mbili zinazopakana? Na kwa nini jambo hilo limhusu wewe, msomaji, uwe unaishi Kabianga, Bomet, Musoma au Nairobi? Hayo ndiyo tunayoyatazama leo.

MAJIRANI WASIOLINGANA

Tuanze na nchi zenyewe. Kenya ina ukubwa wa karibu kilomita 580,000 za mraba. Tanzania ina karibu 945,000, yaani Kenya huingia ndani ya Tanzania mara moja na nusu na bado nafasi ikabaki. Mpaka wao ulichorwa na Waingereza na Wajerumani katika mapatano ya 1886 na 1890. Ni mstari ulionyooka kutoka Ziwa Victoria hadi Kilimanjaro, ukapinda kidogo kuuzunguka mlima, kisha ukanyooka tena hadi Bahari ya Hindi. Waliouchora hawakuuliza mito inateremkia wapi wala wanyama wanapita wapi.

Ikweta huikata Kenya karibu katikati. Tanzania yote iko kusini mwa ikweta. Tofauti hiyo ndogo kwenye ramani ni kubwa mno shambani. Kwa sababu jua hupita juu ya ikweta mara mbili kwa mwaka, sehemu nyingi za Kenya hupata mvua mara mbili, ile ndefu ya kuanzia Machi na ile fupi ya kuanzia Oktoba. Kaskazini mwa Tanzania ni vivyo hivyo, nao huziita masika na vuli. Lakini kadiri unavyokwenda kusini, misimu hiyo miwili husogeleana hadi ikawa mmoja. Iringa, Njombe na Mbeya zina mvua moja tu, inayoanza mnamo Novemba na kukoma Aprili au Mei.

Usidhani, hata hivyo, kwamba Kenya ndiyo iliyobarikiwa zaidi. Karibu asilimia 80 ya nchi yetu ni kame au nusu kame. Kericho, Bomet, Nandi, Kisii na nyanda nyingine za juu ni kipande kidogo kinachobeba mzigo mkubwa.

ZIWA LINALOMNYESHEA MKULIMA

Sasa kwa nini Kericho isiwe na misimu miwili tu kama Wakenya wengine? Kwa nini mvua inyeshe karibu kila mwezi, ikapungua kidogo tu kati ya Desemba na Februari?

Jibu liko magharibi. Kila siku jua linapopanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji ya Ziwa Victoria. Hewa yenye unyevu huanza kuvuma kutoka ziwani ikipanda milima kuelekea Kericho. Huko juu hukutana na pepo za mashariki zilizovuka Bonde la Ufa. Zikigongana, hewa haina pa kwenda ila juu. Ikipanda hupoa, mawingu hujikusanya, na alasiri ngurumo huanza. Ndiyo maana mama wa Kabianga huanika nguo asubuhi na kuziondoa mapema bila kuambiwa na mtabiri wa hali ya hewa.

Ziwa hilo, kwa mujibu wa mipaka, Kenya inamiliki asilimia 6 tu. Karibu nusu ni la Tanzania, na sehemu iliyosalia ni ya Uganda. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maji yanayogeuka kuwa mvua juu ya michai ya Kericho si ya Kenya hata kidogo. Mawingu hayaonyeshi pasipoti.

Bahati hiyo ina adhabu yake. Mgongano huo huo wa pepo huleta mvua ya mawe. Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na dakika chache zinatosha kupasua majani ya shamba zima. Katika miaka ya 1960 roketi zilikuwa zikirushwa mawinguni huko Kericho kujaribu kuipunguza. Leo roketi hazipo tena, lakini mawe bado yanaanguka.

MUFINDI NA MIEZI YA UKAVU

Twende basi Mufindi. Wilaya hii iko zaidi ya nyuzi nane kusini mwa ikweta, na mashamba yake ya chai yako karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kimo kisichotofautiana sana na chetu. Mvua ikianza Novemba, michai huchangamka na majani huja kwa wingi hadi Mei. Kisha mbingu hufungwa.

Kuanzia Juni mpaka Agosti ni kipupwe. Baridi huwa kali na chai hulala. Usiku mwingine katika mabonde huanguka sakitu, ile baridi inayogandisha umande na kuyaunguza majani kana kwamba yamepitiwa na moto. Septemba na Oktoba joto hurudi lakini mvua bado. Mchai sasa unataka kukua, na udongo hauna maji ya kuupa.

Wenzetu hawakukaa wakikunja mikono. Mashamba makubwa ya Mufindi yalijenga mabwawa na kunyunyizia michai maji wakati wa kiangazi. Katika kituo cha Ngwazi wataalamu wamechunguza kwa miaka mingi ni kiasi gani cha maji mchai unahitaji, na ni wakati gani. Inajulikana sasa kwamba mizizi ya mchai uliokomaa huteremka mita kadhaa ardhini kutafuta unyevu, na ndiyo maana mti wenyewe haufi hata majani yakikoma. Lakini bwawa, pampu na mabomba ni gharama, na mkulima mdogo aghalabu hana uwezo huo. Yeye husubiri Novemba.

Zingatia kwamba Tanzania ina sehemu zinazokaribiana na Kericho zaidi ya Mufindi. Tukuyu, wilayani Rungwe, iko kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na ziwa hilo huifanyia Tukuyu kazi ile ile ambayo Ziwa Victoria huifanyia Kericho. Mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wake ni wa volkano kama wetu. Milima ya Usambara, karibu na Tanga, hupata unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Ni huko Amani katika Usambara, na huko Rungwe, ambako Wajerumani walipanda chai ya kwanza mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya mashamba makubwa ya Kericho kuanzishwa katika miaka ya 1920.

Kwa hiyo Tanzania haikuchelewa kuanza. Lakini leo Kenya huuza chai nyeusi nje kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Mwaka wa 2023 ilivuna zaidi ya kilo milioni 500, na mavuno ya Tanzania hayafiki sehemu moja kwa kumi ya hayo. Siasa, barabara, bei na uongozi wa viwanda vina sehemu yao katika tofauti hiyo. Hata hivyo, mvua isiyokatika ndiyo iliyomfanya mkulima mdogo wa Kenya aweze kuishi kwa chai, kwa kuwa tumbo la mtoto halijui msimu.

MISITU MINGI, MISITU MICHACHE

Kuna tofauti nyingine, nayo haipendezi kwetu. Hesabu iliyotolewa Kenya mwaka wa 2021 ilionyesha kwamba misitu inafunika chini ya asilimia 9 ya nchi. Tanzania ina hekta zipatazo milioni 48 za misitu na mapori, zaidi ya nusu ya nchi kavu yake. Sehemu kubwa ni miombo, miti ya nchi yenye msimu mmoja wa mvua, ambayo hupukutisha majani wakati wa kiangazi na kustahimili moto kuliko misitu yetu ya milimani.

Wingi huo usikudanganye. Tanzania hupoteza mamia ya maelfu ya hekta kila mwaka kwa kilimo cha kuhamahama, kuni na mkaa unaopelekwa mijini, hasa Dar es Salaam. Mwaka wa 2024 serikali yake ilianza kuzikataza taasisi kubwa kupikia kuni na mkaa. Kenya haina tena msitu wa kuchezea, Tanzania bado inao, na zote mbili zinakata.

Ardhi nayo inabana kwetu kuliko kwao. Katika kaunti ya Kericho kilomita moja ya mraba ina watu zaidi ya 350. Mkoani Iringa ni watu chini ya 40. Sehemu kubwa ya ardhi bora ya Wakipsigis ilichukuliwa na wakoloni kwa mashamba makubwa ya chai, na kilichosalia kimegawanywa kutoka baba hadi mwana hadi mjukuu. Mtu aliyerithi robo ekari akiutazama msitu, huona shamba. Kumlaumu ni rahisi. Kumwonyesha njia nyingine ndiyo kazi.

MAU, MNARA WA MAJI WA NCHI MBILI

Hapa ndipo majirani hawa wanapokutana. Mashariki ya Kericho na Bomet kuna Msitu wa Mau, wenye eneo la karibu hekta 400,000. Kutoka humo hutoka Itare, Kiptiget, Chemosit na Kipsonoi, mito inayoungana kuwa Sondu, ikaendesha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu yenye megawati 60, kisha ikaingia Ziwa Victoria. Maji yale yale yaliyokuja Kericho kama wingu hurudi ziwani kama mto.

Lakini Mau haiwanyweshi Wakenya pekee. Mto Nyangores, unaopita Tenwek na mjini Bomet, hukutana na Amala na kuwa mto Mara. Mara hupita katika hifadhi ya Maasai Mara, huvuka mpaka, huingia Serengeti, na baada ya karibu kilomita 400 humwaga maji yake ziwani karibu na Musoma. Kiangazi kinapokaza huko kaskazini mwa Serengeti, huo ndio mto pekee usiokauka. Zaidi ya nyumbu milioni moja huufuata kila mwaka. Watalii wanaotua Arusha na kulipa dola kuutazama msafara huo, wengi wao hawajui kwamba maji wanamovuka nyumbu yalianzia katika milima ya wakulima wa viazi, mahindi na chai.

Kuna mto mwingine, Ewaso Ng'iro wa Kusini, nao hutoka Mau na kuishia Ziwa Natron, upande wa Tanzania. Natron ndilo ziwa ambako heroe wadogo wa Afrika Mashariki hutaga na kuangua. Wale ndege wekundu wanaopamba Ziwa Nakuru, wengi wao wamezaliwa Tanzania, kwenye ziwa linalopata maji kutoka Kenya.

Tanzania nayo hulipa. Vinamasi vya Amboseli, wanamojipoza ndovu wetu, hupata maji yanayopita chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro. Chemchemi za Nolturesh karibu na Loitokitok hutegemea mlima huo huo, na maji yake yamepelekwa kwa mabomba hadi Kajiado na Machakos. Kwa hiyo hakuna anayeweza kumwambia mwenziwe, "Hayo ni yako, shauri yako."

Mwaka wa 2001 serikali ya Kenya iliidhinisha kutengwa kwa zaidi ya hekta 60,000 za Mau ili zigawiwe watu. Zaidi ya nusu ya Mau Mashariki na karibu robo ya Mau Kusini-Magharibi, ule upande unaopakana na nchi ya chai, ziliondolewa katika hifadhi. Jopo lililoundwa 2008 liliripoti mwaka uliofuata kwamba karibu robo ya msitu wote ilikuwa imepotea. Miti ikiondoka, mvua ikinyesha maji hayanywi ardhini. Hukimbia juu, hubeba udongo wa shamba, na mto hufurika kwa siku mbili kisha hunywea kwa wiki nyingi. Kule chini karibu na Musoma, udongo huo umeongezeka katika vinamasi vya mto Mara, na vinamasi vimepanuka na kumeza malisho na mashamba ya wenyeji ambao hawajawahi hata kuiona Bomet.

Serikali ilipoanza kuwaondoa watu msituni, lilizuka suala la haki. Jamii ya Ogiek, ambao wameishi Mau kwa kurina asali na kuwinda tangu kabla ya mipaka, walilalamika, na kesi yao ikafikishwa katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha. Mei 2017 mahakama hiyo iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimekiukwa, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia na kupewa hati ya ardhi yao. Hata hivyo mwaka wa 2023 nyumba za baadhi yao zilibomolewa tena. Kuulinda msitu ni lazima, lakini si lazima anayeulinda aanze kwa kumfukuza aliyeulinda kabla yake.

LA KUFANYA NYUMBANI

Huenda ukasema mambo haya ni ya serikali. Ni kweli, na nchi hizi mbili zimeanza kuzungumza. Tangu 2012 tarehe 15 Septemba imekuwa Siku ya Mara, na huadhimishwa kwa zamu, mwaka huu upande mmoja, mwaka ujao upande wa pili. Kenya nayo tangu 1986 imekuwa na mikanda ya chai ya Nyayo, iliyopandwa kuzunguka misitu ili iwe ua kati ya shamba la mtu na mti wa serikali.

Lakini mto hauanzii ofisini. Huanzia katika chemchemi iliyo chini ya boma la mtu. Tazama basi boma lako. Je, kuna mikaratusi kando ya chemchemi? Mti huo hukua haraka na hufaa kwa kuni za kukaushia chai, lakini hunywa maji kwa pupa. Mwaka wa 2009 serikali iliagiza uondolewe kando ya mito na chemchemi, na mahali pengi bado upo. Upande mlimani, na kando ya maji uweke miti ya kienyeji. Je, unalima hadi ukingoni mwa mto? Kanuni zinataka uache angalau mita 6. Je, shamba lako la mteremko lina matuta au majani ya kuzuia udongo? Mchai wenyewe, ukifunga vizuri, hushika udongo kuliko mahindi.

Wazee wa Kericho watakumbuka pia kwamba zamani utafiti wa chai ulifanywa pamoja. Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika Mashariki ilikuwa papa hapa Kericho, ikiwahudumia wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ilipovunjika 1977 mpaka ulifungwa hadi 1983, na kila nchi ikashika njia yake. Sasa Jumuiya imefufuka. Wakati ambapo mvua za Kericho zinaanza kuchelewa na kiangazi kurefuka, mkulima wa Kabianga ana mengi ya kujifunza kutoka Mufindi, ambako watu wamekwisha kujua namna ya kuishi na mchai usionyeshewa miezi mitano.

Watoto wako wakirudi shuleni kesho, waulize maji ya bomba lao yanatoka mto gani, na mto huo unakwenda wapi. Wakijibu kwamba unaishia Kisumu au Musoma, watakuwa wameelewa jografia kuliko waliochora mpaka. Na wakati ujao mtu akikuambia kwamba mti mmoja wa Mau hauna maana, mwambie kuna mvuvi Mtanzania anayeutegemea, na kuna kikapu cha chai hapa Kabianga kinachoutegemea zaidi.